UZI: Vijana wa Kisomali ughaibuni wanavyotaniana, na kwa nini kila utani unaishia kwenye pesa ya nyumbani

SijuiWaIslii:

Wakuu salaam. Kuna watu wameniuliza Wasomali wa huku wakikaa pamoja huwa wanaongea nini, maana ukipita unasikia kelele, kicheko, na mtu anaapa wallahi mara kumi ndani ya dakika moja. Mimi ni Msomali wa Kenya, nimezaliwa Garissa nikakulia Islii pale Nairobi, sasa hivi niko Minneapolis naendesha lori, kwa hiyo vois za magrupu ya WhatsApp ndiyo redio yangu njia nzima. Ngoja niwamwagie kidogo kidogo, nikisimama mahali naongezea.

Kwanza kila mji una lake na kila mji unamcheka mwenzake. Sisi wa Minneapolis tuna Cedar, yale maghorofa marefu yenye vibao vya rangi rangi yaliyojengwa miaka ya 1970, na tuna Karmel, soko la ndani ambalo unaweza kushona nguo, kutuma pesa, kunyolewa, kuswali na kula mbuzi bila kutoka nje kwenye baridi. Wa Columbus wanasema sisi tunajiona mji mkuu. Wa Toronto, wale wa Dixon Road, wanasema wao ndio wamewafundisha watoto wa kizungu na wa Jamaika kuapa wallahi, na hapo siwezi kubisha kwa sababu ni kweli. Wa London wanatuona washamba. Halafu kuna wale wa Leicester ambao wengi wao walikuwa wakimbizi Uholanzi, wakapata uraia, wakahamia Uingereza miaka ya 2000 mwanzoni, sasa wakigombana nyumbani wanagombana kwa Kiholanzi na hakuna anayeambulia kitu.

Sisi wa Kenya tunaitwa Sijui. Ukifungua mdomo tu mtu anasikia lafudhi, anacheka, "huyu Sijui huyu". Ati Kisomali chetu kimejaa Kiswahili, ati tunakula ugali, ati tukiulizwa chochote jibu ni hilo moja. Mimi huwa nawaambia ile bendera ya bluu mnayojifunga shingoni kila tarehe 1 Julai nyota yake ina ncha tano, na ncha moja ni sisi watu wa NFD, kaskazini mashariki mwa Kenya, sasa ukiniita Sijui ng'oa ncha yangu kwanza tuone nyota gani itabaki. Na yule mbunge wenu mnayejivunia, Ilhan Omar, kabla ya kuja Marekani ameishi miaka kwenye kambi ya Utange pale Mombasa, kwa hiyo Usijui kidogo anao.

Utani wa Kisomali hauna breki jamani. Mrefu anaitwa Dheere, mfupi Gaab, anayechechemea Langare, na anaitwa hivyo hadi anazikwa. Siad Barre na urais wake wote na jeshi lake lote watu walimwita Afweyne, mdomo mkubwa. Sasa huku vijana wamehamishia hiyo tabia mtandaoni, mtu akiposti picha yupo mbele ya Tesla chini anaulizwa "mwenye gari amekupa dakika ngapi?"

Nitarudi kwa Farah na Halima, hapo ndipo penye moto.

KinyoziWaTemeke:

Mtoa mada usije ukapotea kama wale wa "itaendelea" halafu hatumuoni mpaka mwakani. Nami nina swali, hivi ndizi kwenye wali ni kweli au mnatupiga kamba? Nina jirani Msomali hapa sijawahi kuthubutu kumuuliza.

SijuiWaIslii:

Kweli tupu mkuu. Wali wa bariis, nyama ya mbuzi juu, pilipili ya kusaga pembeni, na ndizi mbivu. Humenyi ukaiweka kando kama tunda la baada ya mlo, hapana, unamega kipande unakichanganya kwenye tonge lenyewe. Hata tambi tunakula na ndizi, na tambi zenyewe ni urithi wa Mtaliano aliyetawala kule kusini. Kila baada ya muda kidogo anaibuka kijana wa TikTok aliyezaliwa Marekani anasema yeye hali ndizi na wali, wanamvamia mpaka anafunga akaunti. Kuna mmoja aliambiwa apeleke DNA.

LoriMbili:

Ndizi ni ya watu wenye meno machache. Nimesema. Mniue.

SijuiWaIslii:

Mnaona? Huyu naye ni Msomali, yuko Ohio, hana adabu.

Haya, Farah na Halima. Ni majina ya kawaida ila mtandaoni Farah ni kila mwanaume wa Kisomali na Halima ni kila mwanamke wa Kisomali, na kesi yao haijawahi kuisha. Halima anasema Farah ana miaka 35 bado analala chumba cha utotoni kwa mama yake, viatu vya dola mia tatu miguuni, kitanda cha mtu mmoja, halafu anataka kuposa kwa kikombe cha chai na maneno matamu. Farah anasema Halima anataka meheri ya dola elfu kumi, ukumbi wa watu mia tano, siku nyingine tena ya shaash saar, ile ya kumvika bibi harusi kitambaa kichwani, akina mama wacheze buraanbur, mashairi yao na ngoma, na magauni ya dirac yanayometameta, na droni ya kupiga picha juu, yote hayo kwa mtu anayepakia maboksi ghalani usiku. Halafu anatokea wa tatu anasema atamuoa Mmoroko, hapo ndiyo mnaachana na kulala.

Nimesikiliza hii vita barabarani kutoka Minnesota mpaka Texas na maoni yangu ni kwamba ukiifukua kidogo tu chini unakuta biil. Biil ni ile pesa ya kila mwezi ya watu wa nyumbani. Kijana ana miaka 20 na kitu, amepata kazi yake ya kwanza, siku ya mshahara mama anavuta daftari: habaryar (mama mdogo) wa Kismayu dola mia, babu wa Garissa hamsini ya dawa, binamu yuko chuo Mogadishu ada yake bado, halafu kuna jamaa ambaye hakuna anayejua tunahusiana naye vipi ila alitupokea tulipokimbia mwaka 1991 na deni lake haliishi. Unashuka Karmel kwa wakala, unampa jina na namba ya simu, hela mezani, na kabla hujafika kwenye gari habaryar ameshapata meseji na ameshaanza kukuombea dua kwa vois ya dakika saba. Hiyo ndiyo akiba ya harusi ya Farah. Imeshakula chakula cha mchana Kismayu.

Na hao habaryar hawajali saa. Kwao saa sita mchana, kwetu saa kumi usiku, simu inaita, ukipokea hasemi shida, kwanza anakuuliza hali yako, ya mama, ya watoto ambao huna, ya hali ya hewa, ndipo anasema "mwanangu, mwezi huu mvua haikunyesha". Hapo ushajua.

KinyoziWaTemeke:

Nimecheka kinoma hapo kwenye mvua haikunyesha 😂😂 huku kwetu wanasema "nilikuwa nakusalimia tu mwanangu" halafu kimya kinatanda mpaka unauliza mwenyewe.

BintiMajengo:

Salaam alaykum wote. Mimi ni wa Mombasa, niko Leicester mwaka wa kumi sasa, nimeolewa na hao hao Waholanzi mnaowacheka. Kaka SijuiWaIslii umeongea vizuri ila umemtetea Farah kijanja sana nikuambie ukweli. Unasema pesa yake imeliwa Kismayu. Ya nani haijaliwa? Nyumba ngapi nimeingia hapa nikakuta anayetuma ni binti mkubwa, amesomea unesi, anafanya zamu za usiku, analipa biil ya upande wa mama NA upande wa baba, anawapeleka wadogo zake shule, anamjazia baba fomu za serikali kwa sababu baba hasomi barua za Kiingereza, halafu kaka yake mwenye mwili kama mlango amelala mpaka saa saba mchana na akiamka anauliza chai iko wapi. Huyo binti akisema anataka meheri ya maana mnasema ana tamaa. Anajua akiingia kwenye hiyo ndoa biil ya kwao haitasimama, na mume atamwambia acha kutuma kwenu tutume kwetu. Hiyo meheri ndiyo kinga yake.

Na hilo la Farah kutembea na Mmoroko sawa, muacheni aende, ila asirudi kutuomba sambusa Ramadhani.

LoriMbili:

Mwili kama mlango 💀 dada umemjua kaka yangu?

SijuiWaIslii:

Dada BintiMajengo hoja yako ya binti mkubwa naikubali yote, hata grupu letu la familia mweka hazina ni dada. Ila usiniwekee Farah wote kwenye kapu la mwenye kulala. Hawa madereva wa lori unaowaona wiki mbili hawajafika kwao, wanakula mikate ya vituo vya mafuta, hawaendeshi kwa raha zao.

KinyoziWaTemeke:

Sasa hizo harusi za watu mia tano zinalipwa na nini kama pesa yote inakwenda nyumbani? Mnakopa benki?

BintiMajengo:

Benki wengi wanakwepa kwa sababu ya riba. Tunacheza ayuuto, wengine wanaita hagbad. Nyinyi Tanzania mnaita mchezo au upatu, Kenya wanaita chama. Hapa kwetu tuko wanawake kumi, kila mmoja pauni mia tatu kwa mwezi, mmoja anabeba elfu tatu, mwezi unaofuata mwingine. Hakuna karatasi wala saini. Kuna mama mmoja anashika orodha kichwani na ukichelewa siku mbili tu jina lako limeshafika Birmingham. Mwenye dharura anaomba abebe mwanzo, anayetaka kwenda Hija anaomba abebe karibu na msimu. Gari la kwanza la mume wangu la teksi limetoka ayuuto, na yeye anajisifu kwa watu amelinunua kwa jasho lake. Sawa, jasho lake lilikuwa mimi.

MtuWaHandeni:

Wakuu nimepita kimya kimya ila nina la kuuliza. Huku kwetu Tanga kuna kijiji cha Chogo, wapo Wazigua waliotoka Somalia, babu zao walichukuliwa utumwani karne ya 19 wakapelekwa bonde la mto Juba, vita ilipoanza wakarudi na serikali ikawapa uraia. Wana ndugu zao walioenda Marekani. Je, hao nao mnakaa nao kwenye huo utani wenu wa Farah na Halima?

SijuiWaIslii:

Mkuu umegusa penyewe. Wapo wengi, huku wao na wenzao wanaitwa Somali Bantu, Marekani ilikubali kuwachukua mwaka 1999, wakahamishwa kutoka kambi ya wakimbizi ya Dadaab kwenda ile ya Kakuma, halafu kuanzia 2003 wakaanza kufika huku, zaidi ya watu elfu kumi. Columbus wapo, Lewiston kule Maine wapo wa kutosha, na wengi Kiswahili wanakijua vizuri kuliko baadhi ya wabunge wa Nairobi. Sasa kwao utani wa Wasomali wenzetu huwa unageuka. Mimi kuitwa Sijui naumia kidogo nacheka, lakini wao wanaitwa majina ya nywele na ya utumwa, na anayewaita anasema "natania tu". Huo nauita ubaguzi na nimeshatoka kwenye grupu mbili kwa sababu hiyo. Vijana wadogo waliozaliwa huku wameanza kuukataa, shule moja, timu moja ya mpira, ila ikifika posa wazee wanarudi kuuliza qabiil, yaani ukoo, na kijana aliyekuwa anaposti "sisi wote Wasomali" anainamisha kichwa.

MtuWaHandeni:

Ahsante kwa ukweli mkuu. Wengine wangezunguka.

BintiMajengo:

Na qabiil si kwa Wazigua peke yao. Mimi nilipoletewa posa, dakika kumi za kwanza wamama hawakuuliza kijana anafanya kazi gani, waliuliza babu wa babu yake. Kule nyumbani hata bunge limegawanywa kwa hesabu ya 4.5 tangu ule mkutano wa Arta kule Djibouti mwaka 2000, koo nne kubwa zinapata moja moja na waliobaki wote wanapewa nusu. Vijana wa huku wanatumia hiyo kama mzaha, mtu akikosewa kwenye mgawo wa nyama anasema "leo nimepewa nusu".

MwanaIslii_254:

Niko Nairobi, naomba niongeze upande wetu kwa sababu sisi ndio tunaletewa mizigo yenu. Dhaqan celis, yaani kurudishwa kwenye mila! Kijana amefeli shule London au ameanza kampani mbaya Minneapolis, mama anamwambia twende likizo tukamuone bibi, wanashuka uwanja wa ndege JKIA, baada ya wiki mama ameondoka na pasipoti. Unamkuta First Avenue hapa Islii amevaa koti la kofia jua la saa saba, anauliza bei kwa Kiingereza cha puani, muuzaji anamuongezea mara tatu. Sisi tunawauliza swali moja tu, "umekuja au umeletwa?" Wakikaa miezi sita wanakuwa na Kiswahili cha mtaa kuliko sisi, wengine wanarudi ughaibuni wameiva na adabu, wengine ndio wanaharibikia huku huku kwa sababu pesa ya kila mwezi wanatumiwa na hakuna anayewaangalia.

BintiMajengo:

Hilo msilichekee sana. Baadhi ya vituo wanavyopelekwa, habari za watoto kupigwa na kufungwa minyororo zimeandikwa magazetini mara nyingi. Mama anadhani anampeleka madrasa. Mimi wangu wakinisumbua nitawapeleka Majengo kwa bibi yao wakafagie uwanja na kuchota maji, inatosha.

SijuiWaIslii:

Naungana na dada. Na MwanaIslii hebu waambie hawa wa London pia upande wa pili, maana wao wanadhani Islii ni mahali pa kuadhibiwa watoto tu. Mji ule umejengwa na wakimbizi, Garissa Lodge ilikuwa gesti ya kawaida, watu wakageuza vyumba vya kulala kuwa maduka miaka ya 90 mwanzoni, leo ni maghorofa ya biashara mtaa mzima. Na sisi wenye nchi, mwaka 1989 tulipangwa foleni ya kuhakikiwa tukapewa kadi nyingine juu ya kitambulisho, ya rangi ya pinki, Mkenya mwingine yeyote hakuwa nayo. Aprili 2014 watu wakazolewa Islii wakapelekwa uwanja wa Kasarani. Kwa hiyo Kenya unaambiwa rudi Somalia, ukifika kwa Wasomali unaambiwa Sijui. Mtu wa aina hii usipomwachia utani atakuwa na nini?

Faida yake ni moja, Kiswahili tunakitumia kusengenya. Ila hata hilo lina hatari. Juzi juzi niko Karmel na rafiki yangu wa Wajir, tunamsema muuza manukato kwa Kiswahili, tunasema huyu mama na bei zake ataenda kujibu kwa Mungu, uunsi wa kufukiza kopo dogo hivi dola ishirini. Mama anatufungia taratibu, anaweka kwenye mfuko, anafunga fundo, anatukabidhi. "Karibuni tena wanangu, na Dadaab tulikuwa tunauza kwa shilingi hamsini." Tulitoka pale bila kugeuka.

KinyoziWaTemeke:

😂😂😂 aisee huyo mama apewe maua yake

LoriMbili:

Mmesahau wazee wa kahawani. Fadhi ku dirir, wapiganaji wa kwenye viti. Wanakaa kwenye mgahawa tangu asubuhi na kikombe kimoja cha chai wanagawana mawizara, huyu waziri wa mambo ya nje, huyu wa ulinzi, jioni wake zao wanawapigia simu waje na maziwa.

SijuiWaIslii:

Hao usiwacheke kabisa LoriMbili. Farmaajo alikuwa mfanyakazi wa idara ya barabara ya jimbo la New York pale Buffalo, akaenda kuwa waziri mkuu wa Somalia mwaka 2010, akaondoka 2011 akarudi Buffalo kwenye meza yake ile ile, mwaka 2017 akawa rais. Kwa hiyo ukimwona mzee anagonga meza kahawani anasema "mimi nikipewa nchi" mpe kiti, huwezi jua. Mjomba wangu tangu siku ile amenunua suti mbili na hajawahi kusema ni za nini.

Na mkumbuke wazee hao hao ndio waliosimama mwaka 2013 benki ya Barclays ilipotaka kufunga akaunti za kampuni za kutuma pesa kule Uingereza. Hata Mo Farah yule mwanariadha alijitokeza kupinga, na Dahabshiil, mojawapo ya kampuni hizo, wakaenda mahakamani wakapata zuio mwezi Novemba. Wiki ile hakukuwa na Farah wala Halima mtandaoni, kila mtu alikuwa anauliza bibi atakula nini.

BintiMajengo:

Nakumbuka stori zake, mama mkwe wangu alikuwa anakwenda kwa wakala kila siku kuuliza kama bado wapo wazi.

Ila kaka SijuiWaIslii nimesoma uzi wako mrefu wote, umetuambia biil ya Kismayu, biil ya Garissa, wakala wa Karmel, dua ya dakika saba. Umesema pia mweka hazina wa grupu lenu ni dada yako. Nauliza tu kwa nia njema, biil ya mwezi huu umetuma wewe au ametuma dada?

SijuiWaIslii:

Dada mtandao huku barabarani unakatika katika sijakusoma vizuri

LoriMbili:

Sema wallahi unakatika

KinyoziWaTemeke:

Mtoa mada yuko onlaini namuona hapa taa ya kijani inawaka 😂

BintiMajengo:

Muacheni. Nitumieni namba ya dada yake, nataka kumwingiza kwenye ayuuto.